Mpira wa Mlango

Sijawahi kuigusa barafu ya Kibo.
Naijua kwa juu tu, kama kunguru alijuavyo bati
la nyumba asiyoingia.
Setilaiti hupita, hupiga picha, huenda zake;
picha hunifikia Tunguu, ghorofa ya pili,
kwenye meza yenye mguu mfupi
tuliouwekea kipande cha boksi.

Kila nukta ya picha ni mita thelathini kwa thelathini.
Nyumba yetu ya Kwahani, na ya jirani,
na uwa wao wa kufulia, na banda la kuku, na mtaro,
vyote vingemezwa humo
vikatoka rangi moja, namba moja.

Kazi yangu ni kuiuliza kila nukta: wewe ni barafu?
Nyingi husema ndiyo.
Wingu husema ndiyo.
Theluji ya juzi, isiyomaliza wiki,
husema ndiyo kwa sauti kubwa kuliko zote.
Wingu nalinasa kwa mwanga ule usioonekana kwa macho:
humo wingu hubaki jeupe,
lakini barafu huwa nyeusi kama kitako cha chungu,
maana mwanga ule inaumeza, hairudishi.
Theluji dawa yake kungoja.
Nachukua picha ya mwisho wa kiangazi,
wageni wameshaondoka,
kabaki mwenye nyumba.

Mama yangu, Bi Mize, aliuza barafu miaka kumi na tisa.
Za ukwaju, za bungo, za ubuyu,
kwenye vifuko vya fundo mbili.
Friza ilikaa ukumbini kama mgeni wa heshima,
ina kitambaa chake cha kufuma, ina ua lake la plastiki.
Mtoto akifungua mara mbili kwa kutaka moja
alipigwa kofi la mkono.
"Baridi haina miguu ya kurudia. Ikitoka imetoka."

Umeme wetu hutoka bara, kwa chini ya bahari.
Mwaka kebo ilipokufa tukakaa giza
nilikuwa darasa la tatu.
Siku ya kwanza mama hakufungua kabisa.
Siku ya pili aliweka kiganja juu ya mlango,
kama apapasavyo mtoto mwenye homa.
Siku ya tatu maji ya ukwaju yakatoka chini,
mstari mwembamba wa kahawia
ukafuata ufa wa saruji kuelekea barazani.
Nikachukua kaa nikachora ulipofika.
Nikangoja. Nikachora tena.
Mama akaniambia niache uchafu, nilete ndoo.

Sasa nachora, na nalipwa kwa kuchora.
Mpaka wa mwaka huu ndani ya mpaka wa mwaka juzi,
na wa mwaka juzi ndani ya ule wa kabla sijazaliwa.
Leo nukta moja upande wa kusini imenishinda.
Nusu mwamba, nusu barafu;
pengine zaidi ya nusu, pengine pungufu.
Haroub kaja na chai, kachungulia.
"Ipe tu. Nani atapanda kwenda kuihesabu?"
Nikaweka kidole juu ya kioo. Kioo kilikuwa cha moto.

Siku ya nne ya giza watoto walikuja na mia zao.
Barafu zilishakuwa maji, matamu vile vile.
Mama alimimina vikombeni, akawarudishia pesa.
"Maji hayauzwi kwa bei ya barafu."

Nikaandika: mwamba.

Usiku nilimweleza. Alisikiliza, anachambua mchele,
hata nikadhani hasikii.
Kisha akauliza, "Na mlango wake kaufungua nani?"
Wengi, mama. Wa mbali, wengi.
"Na sisi?"
Kidogo. Si sana, lakini tumo.

Akaigeukia friza yake.
Haiuzi tena, yaweka samaki wa nyumbani na barafu za wajukuu.
Mpira wa mlango umechakaa upande wa kushoto,
usiku kucha mashine inahangaika kama mwenye pumu.
Akanyanyuka, akaupima kwa uzi wa kushonea,
akafunga fundo mwanzo, akafunga fundo mwisho,
akaukata kwa meno.
"Kesho ukitoka kwenye mlima wako," akasema,
"pitia Darajani."